Kibali cha kusafiri si kibali cha kuhama

Barua yenyewe kwa kawaida huwa fupi. "Mimi fulani bin fulani, mwenye kitambulisho nambari kadha, nimeridhia mwanangu asafiri na mamake kwenda Italia." Sahihi, tarehe, muhuri wa wakili, basi. Likizo inaisha, shule zinafunguliwa, baba aliyebaki Malindi anauliza mtoto anarudi lini, naye anajibiwa: si wewe mwenyewe uliyeridhia?

Barua haikutaja tarehe ya kurudi, wala haikusema kama ni matembezi au ni kuhama. Mama huenda aliielewa kwa nia safi kabisa kuwa ni ruhusa ya kwenda kuishi, na baba aliitia sahihi akiwaza wiki sita za likizo. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa huku kwetu pwani ya Kenya unapoanzia, na unaumiza kwa sababu mara nyingi ungezuilika kwa sentensi mbili zaidi. Mzazi anayetaka kuondoka na yule anayetaka watoto wabaki wote wanahitaji kitu kimoja: makubaliano yaliyoandikwa kabla tiketi haijakatwa.

Kuna ruhusa tatu, na watu huzichanganya. Ruhusa ya kumtolea mtoto pasipoti. Ruhusa ya kusafiri kwa muda maalumu. Ruhusa ya kuhama. Mzazi anaweza kutoa ya kwanza akakataa ya tatu, na ana haki ya kufanya hivyo.

Tuanze na pasipoti

Mtoto wa chini ya miaka 18 huombewa pasipoti na mzazi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha fomu, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya ridhaa hupelekwa Idara ya Uhamiaji. Kwa wakazi wa Malindi na Lamu ofisi iliyozoeleka ni ya Mombasa, jengo la Uhuru na Kazi. Mtu wa Lamu anavuka kwa boti hadi Mokowe, anapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, siku nzima iko njiani. Kwa hiyo karatasi zikaguliwe nyumbani.

Kinachowarudisha watu ni majina. Baba kwenye kitambulisho ni Mohamed, kwenye cheti cha mtoto ni Muhammad, kwenye cheti cha ndoa ni Mohammed. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Afisa wa ubalozi hajui. Tofauti ndogo ya herufi hutatuliwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo, lakini kosa la jina zima au la tarehe ya kuzaliwa lirekebishwe kwenye usajili wa vizazi, nalo huchukua muda. Anzeni hapo, hata kama bado mnabishana juu ya safari yenyewe. Cheti sahihi kinamfaa mtoto popote atakapoishi.

Jambo jingine linalosahaulika mno Malindi: mtoto wa Mkenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa, na Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mtoto wa baba Mtaliano anaweza kuwa na pasipoti mbili. Mama akificha ile ya Kenya kabatini akidhani amezuia safari, mtoto anaweza kuondoka kwa ile ya Italia. Mkataba au amri yoyote itaje pasipoti zote kwa nambari zake.

Sheria inawatazamaje wazazi

Ibara ya 53 ya Katiba inampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la, na inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo ule usemi wa barazani kwamba watoto ni wa baba hausimami mbele ya hakimu. Lakini pia hausimami ule wa kwamba baba asiyetoa matunzo hana la kuulizwa. Kutotoa matunzo hakumfuti uzazi. Ni ushahidi utakaopimwa, na una uzito, ila unapaswa kuletwa mahakamani badala ya kugeuzwa kisingizio cha kuondoka usiku.

Wazazi Waislamu, na Lamu hao ndio wengi, mara nyingi huanzia kwa Kadhi. Talaka ni mahali pake. Katiba inampa Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kwenda kwake. Mmoja akikataa, mlango huo umefungwa. Na ni vyema kujua fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, yenyewe inasemaje, kwa sababu wazee hunukuu nusu yake. Katika madhehebu ya Shafi, hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, ni ya mama, na mtoto akifikia umri wa kupambanua, takriban miaka saba, huchaguzwa kati ya wazazi wawili. Kuhusu safari kuna tofauti muhimu: mzazi akisafiri kwa haja na kurudi, mtoto hubaki na yule mkaazi mpaka mwenzake arejee; lakini ikiwa safari ni ya kuhama moja kwa moja, baba hupewa nafasi ya kwanza, kwa sharti njia iwe salama na huko waendako kuwe salama. Yaani hata mafakihi walitenganisha kusafiri na kuhama. Hata hivyo, suala likifika Mahakama ya Watoto, kipimo kinachotawala ni maslahi bora ya mtoto, na hakimu anaweza kufikia uamuzi tofauti na huo.

Kwa amri ya kuzuia au kuruhusu safari ya nje, nashauri Mahakama ya Watoto moja kwa moja. Mahakimu wa Malindi na wa Lamu wote husikiliza kesi za watoto.

Kabla ya hakimu

Kikao cha wazee kina faida yake: kinapoza. Mjomba na shangazi wanaweza kumwambia baba kitu ambacho wakili hawezi. Kasoro yake ni kwamba watu huinuka kwa fatiha na mikono ya heri bila karatasi, na baada ya miezi sita kila upande unakumbuka maneno yake. Mtu mmoja aandike, wazazi watie sahihi, mashahidi wawili waandike nambari za vitambulisho.

Kisha mwendeeni afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Huduma yake hailipiwi. Anaweza kuwaita wazazi, kuwasikiliza kila mmoja peke yake, kuzungumza na mtoto, na kuwaandikia mkataba wa majukumu ya wazazi. Faida kubwa ni kwamba mkataba huo unaweza kuwasilishwa Mahakama ya Watoto ukathibitishwa kuwa amri. Mkataba wa kawaida ukivunjwa unaanza kushtaki upya. Amri ikivunjwa unakwenda kulalamika juu ya uvunjaji tu. Na kesi ikiendelea, ripoti ya afisa huyu ndiyo hakimu atakayoisoma kwa makini. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Maafisa hawa wanasikia kila siku watoto wa miaka minane wakizungumza kwa lugha ya watu wazima, na wanajua yametoka wapi.

Mtoto aulizwe, lakini asipewe mzigo wa kuamua. "Unataka kukaa na nani?" ni swali la kikatili. Muulize anaogopa nini. Atataja vitu ambavyo wazazi hawakuviwaza: atalala chumba kimoja na nani, chuo cha Qur'ani ataendelea wapi, bibi atampigia vipi simu ikiwa hana simu kubwa, darasani watazungumza lugha gani. Majibu yake yawekwe ndani ya mkataba.

Mkataba wenye meno

"Baba atamuona mtoto wakati wa likizo." Sentensi hii ipo katika mikataba mingi na haina maana, kwa sababu haisemi likizo ya nchi gani. Shule za Italia hufungwa karibu na wiki ya pili ya Juni hadi katikati ya Septemba. Za Kenya hufungwa Aprili, Agosti, na kuanzia mwishoni mwa mwaka. Mtoto akiletwa Malindi Julai, binamu zake wote wako darasani. Atakaa na baba anayekwenda kazini. Agosti ndio mwezi unaokutana pande zote mbili. Basi andikeni: kuanzia tarehe kadha ya Agosti hadi tarehe kadha, kila mwaka, mtoto afike siku fulani na kuondoka siku fulani, na arudi angalau siku saba kabla ya shule yake kufunguliwa.

Idd nayo ina mtego. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo Idd inasogea. Mkiandika "Idd ya Aprili" baada ya miaka michache itakuwa Februari, katikati ya muhula. Andikeni Idd kwa jina lake, kisha semeni itakuwaje ikiangukia siku za shule: simu ya video, au siku tatu mapema, au mwaka huu Fitri kwa mama na mwaka ujao kwa baba.

Simu ni hivyo hivyo. Italia iko nyuma ya Kenya kwa saa moja katika majira yao ya joto na saa mbili katika baridi. Hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Baba aliyezoea kupiga saa moja usiku baada ya Magharibi atampata mtoto saa kumi na mbili jioni wakati wa joto, na saa kumi na moja wakati wa baridi, pengine akiwa bado yuko mazoezini. Baba anadhani ananyimwa mtoto, mama anadhani anasumbuliwa. Andikeni saa kwa wakati wa mahali mtoto alipo, kwa sababu ratiba ya mtoto ndiyo isiyobadilika. Kwa walio Oman mambo ni mepesi, wako mbele saa moja mwaka mzima, na Saudi Arabia iko sawa na sisi.

Tiketi: nani anakata, kabla ya tarehe gani, na ni ya kwenda na kurudi. Bei za Desemba hupanda, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kukata iwe miezi mitatu kabla. Nani anaongozana na mtoto? Mashirika mengi ya ndege hayampokei wa chini ya miaka 5 peke yake, na kuanzia 5 hadi 11 hutoza huduma ya kumsindikiza. Safari yenye kubadilisha ndege ina masharti mazito zaidi. Gharama hiyo iandikwe ni ya nani.

Nyaraka asili zikae kwa nani? Napendelea cheti cha kuzaliwa kibaki kwa mzazi mmoja, na mwingine awe na nakala iliyothibitishwa. Kijitabu cha kliniki cha chanjo kiende na mtoto, pamoja na cheti cha homa ya manjano na ripoti za shule. Pasipoti ikikaribia kuisha, mzazi wa pili atie sahihi ndani ya siku kadhaa mlizokubaliana. Kipengele hiki kikikosekana, mzazi mwenye kinyongo hupata silaha mpya kila pasipoti inapomalizika.

Na andikeni wazi nini kitatokea mzazi aliyehama akitaka kuhama tena, au akiolewa, au kuoa. Notisi ya siku 90 kwa maandishi inatosha kuanzia mazungumzo.

Ikibidi kesi

Mwenye kutaka kuhama ndiye mwenye kazi kubwa zaidi. Hakimu atataka kuona barua ya kazi au ya makazi, jina la shule na kama ina nafasi, bima ya afya, nani atamwangalia mtoto mzazi akiwa kazini, na mpango wa mawasiliano na mzazi anayebaki. Mpango huo ndio unaopima nia. Ombi lenye kurasa kumi za nyumba nzuri ya Milano na mstari mmoja juu ya baba linasomeka kama ombi la kumwondoa baba. Mahakama inaweza pia kudai dhamana ya fedha ili mtoto arejeshwe.

Anayepinga naye alete zaidi ya "sitaki". Alete picha ya maisha aliyo nayo mtoto sasa: nani humpeleka shule, risiti za karo na matunzo, hali ya afya, jamaa wanaomzunguka. Ujumbe wa WhatsApp hutumika sana, ila ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Picha ya skrini iliyochapishwa tu inaweza kukataliwa. Na chunga unachoandika kwa hasira. "Haya, nendeni tu, mnaniudhi" ni maneno yatakayosomwa siku moja kama ridhaa.

Ukiwa na hofu ya kweli kwamba mtoto ataondolewa, ombi hupelekwa kwa hati ya dharura, na hakimu anaweza kutoa amri ya muda ya kuzuia mtoto asitolewe nchini hadi pande zote zisikilizwe. Sasa sikiliza vizuri sehemu hii, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza. Amri haijipeleki. Ikitolewa Ijumaa na kubaki kwenye jalada, mtoto anaweza kupanda ndege Jumamosi. Lazima ichapwe, igongwe muhuri wa mahakama, ipelekwe Idara ya Uhamiaji na polisi, na nakala yako igongwe mhuri wa kuonyesha kwamba wameipokea. Usitegemee uwanja wa Manda au wa Malindi: ndege zinazotoka hapo ni za ndani, hakuna anayekagua pasipoti. Mipaka yenyewe ni Jomo Kenyatta, Moi Mombasa, na ya nchi kavu kama Lungalunga, Taveta na Namanga, ambako mtu anaweza kuvuka kwenda Tanzania na kuruka kutoka Dar es Salaam. Amri itaje viwanja na mipaka yote.

Asiye na uwezo wa wakili aulize msaada wa kisheria wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, na shirika la Kituo cha Sheria, wote wana ofisi Mombasa. Nambari 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto.

Upande wa ng'ambo

Kukubaliana nyumbani hakutoshi, kwa sababu nchi mnayokwenda nayo ina maswali yake. Italia, kwa kuunganisha familia, inataka mzazi aliye kule apate kwanza nulla osta, yaani kibali cha awali cha kumleta jamaa, na kwa mtoto mdogo sheria yao inadai ridhaa ya mzazi wa pili kama yupo. Nulla osta ikishatoka, ina miezi sita ya kuombea viza. Wazazi wakivutana miezi saba wanaanza upya. Baada ya kuingia, permesso di soggiorno, yaani kibali cha ukaazi, huombwa ndani ya siku nane za kazi. Uingereza ni ngumu zaidi kwa mzazi mmoja: kwa makazi ya kudumu, mtoto anayemfuata mzazi mmoja, ilhali mzazi wa pili yu hai na yuko Kenya, hutakiwa kuthibitisha kwamba yule aliye Uingereza amebeba jukumu lote peke yake, au kuna sababu nzito sana. Ridhaa ya baba peke yake haitoshi hapo. Ghuba, viza za kazi za nyumbani haziruhusu kuleta mtoto. Usiahidi watoto kitu ambacho kibali chako hakikupi. Mihuri inayohitajika juu ya barua ya ridhaa, iwe ya mthibitishaji wa hati, ya Wizara ya Mambo ya Nje au ya ubalozi, muulize ubalozi wenyewe kabla ya kulipia hata mmoja.

Kuna Mkataba wa Hague wa 25 Oktoba 1980 unaorejesha haraka watoto wa chini ya miaka 16 waliohamishwa kinyume cha haki. Italia, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Uswisi, Marekani na Afrika Kusini zimo. Kenya haimo. Saudi Arabia, Oman na Falme za Kiarabu pia hazimo. Maana yake kwa baba wa Malindi ni kwamba mtoto akishabaki Milano bila ridhaa yake, hakuna njia ya mkato: ni kufungua kesi Italia, kwa wakili wa Italia. Na maana yake kwa mama aliyemtoa mtoto Italia akamleta Shela, Lamu, bila ruhusa ni kwamba, ingawa mkataba haumfikii huku, sheria ya jinai ya Italia inamfikia siku atakayorudi. Adhabu ya kumpeleka au kumzuilia mtoto nje ya nchi ni kifungo cha mwaka mmoja hadi minne.

Ndiyo maana kabla ya mtoto kuondoka kwa ridhaa, wakili wa huku na wa kule washirikiane kupata amri yenye masharti yale yale katika mahakama ya nchi anayokwenda. Ni gharama, na inachelewesha safari kwa wiki kadhaa. Lakini masharti ya Malindi hayamfungi polisi wa Bergamo mpaka mahakama ya kule iyaandike kwa jina lake.

Mambo yakimalizika kwa ridhaa, yupo mmoja lazima arudi mahakamani kuomba ile amri ya zuio ifutwe, na nakala ya kuifuta ipelekwe Uhamiaji ilikopelekwa ile ya kwanza. Lisipofutwa, jina la mtoto linabaki kwenye mfumo, na anazuiwa Moi Mombasa mwisho wa likizo ya Agosti akiwa na tiketi, pasipoti na wazazi wawili wasiogombana tena. Mtoto asafiri na nakala ya amri ya kufuta zuio hilo ndani ya begi la mkononi, pamoja na pasipoti.